Kumbukumbu za programu ziende wapi?

Swali: Nina programu ya Python ya kupokea malipo kwenye seva ya Linux. Huandika kumbukumbu kwenye faili lake yenyewe, na sasa faili hilo limejaza diski. Nifanyeje?

Jibu: Iachie kazi hiyo huduma ya mfumo mzima, yaani syslog, aliyoianzisha Eric Allman miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, programu ya barua pepe. Programu yako itume ujumbe tu. Huduma ndiyo itakayoamua uandikwe wapi au upelekwe seva ipi. Kubana na kufuta mafaili ya zamani ni kazi ya logrotate.

Kwenye Python tumia SysLogHandler, na usisahau kutaja anwani /dev/log. Usipoitaja, ujumbe hutumwa kwa UDP kwenye mlango 514 wa mashine hiyohiyo. Kama hakuna huduma inayosikiliza hapo, unapotea kimyakimya.

Chagua kundi kati ya local0 na local7, kisha upime uzito wa kila ujumbe: 0 ni dharura, 7 ni wa kusaka hitilafu. Hapa ndipo wengi hukosea, wakaita kila jambo kosa. Mteja asiye na salio la kutosha ni taarifa, 6. Hifadhidata isiyojibu ni kosa, 3. Namba ya siri ya mteja isiandikwe kamwe, hata wakati wa majaribio.

Jaribu kwanza kwa amri ya logger -p local0.info "jaribio", huku journalctl -f ikiwa wazi kwenye dirisha la pili.