Gae Kama Chombo cha Kufundishia

Somo la ufinyanzi katika shule za mjini Dar es Salaam huishia mara nyingi katika pipa la taka. Vyungu huchomwa, vingine hupasuka, na watoto hukemewa kwa uzembe. Hukumu hiyo twaiona ni ya haraka, tena mara nyingi ni dhuluma. Kabla ya kutoa alama, mwalimu na avisome vigae.

Ufa wa ukingoni uonekanao kabla ya moto hutokana na sehemu moja kukauka na kusinyaa upesi kuliko nyingine. Dawa yake ni kivuli, na mchanga kidogo au vigae vilivyosagwa ndani ya udongo. Kulipuka motoni ni jambo jingine: unyevu uliobaki hugeuka mvuke katika nyuzi 100 za sentigredi, nao ukikosa njia huvunja kuta za chungu. Mtoto akiweka chungu shavuni akahisi ubaridi, ajue bado hakijakauka.

Pwani yetu ina hila yake. Chungu chaweza kutoka motoni kizima, kikasifiwa, kisha baada ya siku chache kikabanduka vibanzi, na katika kila kishimo mna chembe nyeupe. Hicho ni kipande cha kombe au tumbawe. Moto mkali umekigeuza chokaa, nayo chokaa huvuta unyevu wa hewa ikafura. Hapa mtoto hana kosa lolote. Udongo haukuchekechwa, au ulichanganywa na mchanga wa ufukweni. Wengine huvutiwa na kaolini nyeupe ya vilima vya Pugu, lakini hiyo hutaka joto lipitalo la kuni za uwanjani.

Majaribio yafanywe kwa vibao vidogo vya unene mmoja, na kibadilishwe kitu kimoja tu kila mara. Abadilishaye udongo, unene na kuni kwa siku moja hatajua kipi kilimsaidia. Mstari wa sentimita 10 uchorwe juu ya kibao kibichi, upimwe tena kikikauka: hilo ni somo la asilimia lisilohitaji kitabu.

Asiye na nafasi ya kuwasha moto kwa usalama, na shule nyingi za mitaa ya Kariakoo zimebanwa, asiwashe. Awapeleke wanafunzi panapouzwa vyungu na vyetezo, wavigonge kwa kidole kwa ruhusa ya mwenyewe: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kisha waombe vilivyovunjika. Muuzaji huenda akashangaa kupata wateja wa vigae.