Dondoo muhimu: Kinyama kifike salama chini ya hadubini

Kinyama, yaani kipande cha nyama ya mwili kilichokatwa kwa uchunguzi, kinachopelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoka Geita au Shinyanga kikiharibika njiani, hadubini haitakiponya.

1. Kitumbukize kwenye formalini ya asilimia 10 mara kinapotoka mwilini. Kikikauka, seli hunywea.
2. Formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Kopo liwe na mdomo mpana.
3. Usitumie maji wala usikigandishe kwenye friza.
4. Kishike kwa upole. Kibanio kikikaza, seli hupondeka.
5. Andika jina na namba ubavuni mwa kopo, vifuniko hubadilishana.
6. Ukishuku kifua kikuu, tenga kipande kisicho na formalini cha kuoteshea vimelea.
7. Taja kazi ya mgonjwa kwenye fomu: mchimbaji huvuta vumbi la mwamba, mvuvi huambukizwa kichocho.
8. Vaa glavu, fungua madirisha. Formalini huwasha macho.
9. Kwenye hadubini, anza na lenzi ndogo. Kwa rangi za kawaida, viini vya seli huonekana bluu na sehemu nyingine pinki.
10. Futa lenzi kwa karatasi yake, si kwa pindo la koti. Vumbi hukwaruza kioo.