SOMO LA UTUNZAJI WA GARI LA CHAMA: TAA YA UPEPO WA MATAIRI

Gari la chama ni mali ya wanachama wote, na fedha za matengenezo yake hutokana na jasho lao. Kwa hiyo katibu anayeandika hati ya malipo ya fundi hana budi kufahamu anacholipia. Somo hili lahusu taa ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati, ambayo huwatatiza madereva wengi.

Chanzo chake

Mwaka 2000, kufuatia ajali zilizosababishwa na matairi kupasuka, Marekani ilitunga sheria ya kuyataka magari yawe na chombo cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Ulaya ilifuata, na tangu Novemba 2014 magari madogo mapya yote yanayouzwa katika Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa nacho. Uingereza ilikuwamo wakati huo; ndiyo maana magari mengi yaliyotumika yatokayo huko hufika Afrika Mashariki yakiwa na taa hiyo.

Aina mbili

Aina ya kwanza ina kihisi, ambacho mafundi hukiita sensa, ndani ya kila gurudumu kwenye vali. Kihisi hupima upepo na kuipelekea kompyuta ya gari habari kwa mawimbi ya redio. Kila kimoja kina nambari yake ya pekee, kama mwanachama alivyo na nambari yake katika daftari la chama.

Aina ya pili haina kihisi cha upepo. Kompyuta hulinganisha mizunguko ya magurudumu, kwani tairi lililopungua upepo huzunguka kwa kasi zaidi kuliko mengine. Hii huhitaji tu kuwekwa upya baada ya kujaza upepo, kama kitabu cha gari kielezavyo. Chama kisichojua tofauti hii chaweza kulipia vihisi vinne ambavyo gari halivihitaji.

Lugha ya taa

Taa ikiwaka mfululizo, upepo umepungua. Matairi yapimwe kwa geji yakiwa baridi, na yajazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari, ambacho aghalabu huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Taa ikimetameta kwa dakika moja hivi kisha ikabaki inawaka, chombo chenyewe kina hitilafu. Huenda betri ya kihisi imekwisha. Hudumu miaka 5 hadi 10, na kwa kawaida haibadilishwi peke yake, bali kihisi kizima. Au huenda kihisi kipya hakijatambuliwa.

Kukitambulisha kihisi

Zipo njia tatu, kulingana na gari:

1. Kuendesha. Gari huendeshwa kwa muda, na kompyuta huvitambua vihisi yenyewe.

2. Gari likiwa limesimama. Kompyuta huwekwa katika hali ya kujifunza, kisha fundi hukiamsha kila kihisi kwa kifaa maalumu karibu na vali. Katika magari mengi ya namna hii huanza mbele kushoto, kisha mbele kulia, nyuma kulia na nyuma kushoto. Akikosea mpango, gari litalaumu gurudumu lisilo na kosa.

3. Kuandika nambari. Kifaa huunganishwa chini ya dashibodi na kuziingiza nambari katika kompyuta.

Kihisi kipya sharti kilingane na mawimbi ya gari: ya Ulaya hutumia megahezi 433, na mengi ya Marekani 315.

Wajibu wa katibu

Nambari za vihisi ziandikwe katika daftari la gari vingali vizima. Baadhi ya vihisi vipya huweza kupewa nambari ya kile cha zamani, na hapo kompyuta haihitaji kufundishwa upya. Fundi arudishe kihisi kilichotolewa, na gari lijaribiwe barabarani kabla ya malipo.

Dereva anayeifunika taa kwa karatasi ya gundi hakuiondoa hatari, ameificha. Tairi lenye upepo haba hupata joto, hula mafuta, na laweza kupasuka gari likiwa limebeba watu.

Maswali ya kujadili

1. Gari la chama chenu ni la aina ipi kati ya hizo mbili?
2. Matairi yalipimwa lini mara ya mwisho, na nani aliandika?
3. Kamati idai nini kabla ya kulipia kihisi kipya?