Mhandisi na Somo la Historia

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha tatu na anataka uhandisi. Historia na uraia vitamsaidia nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mpe kisa cha Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Tanganyika, wakilenga zaidi ya ekari milioni 3. Fedha hawakukosa. Lakini kiangazi kilipofika, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikagoma kung'oka. Mvua nayo ikawa haba. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, ukiwa umekwisha kumeza zaidi ya pauni milioni 30.

Wagogo, wenyeji wa pale, waliijua mvua yao na ukame wake. Waliopanga mradi walikuwa na haraka, wakaamini mashine zitamaliza yote. Historia humzoeza mwanafunzi kuuliza: nani aliamua, kwa ushahidi gani, na nani hakusikilizwa? Uraia humwonyesha kwa nini watu hukubali jambo au hulikataa. Mhandisi asiyeuliza hayo atajenga kisima kizuri mahali ambapo hakuna atakayekwenda kuteka maji. Mwache asome yote.