Mto Lumemo ukifurika, nani apange njia ya kuhama?

SWALI: Mafuriko yakija, sisi wa Ifakara huambiwa tu tuhame. Je, tuna sauti katika mipango hiyo?
Mkazi wa bondeni, Ifakara

JIBU: Ndiyo, ndugu msomaji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Ombeni mpango wa kuhama ujadiliwe katika mkutano wa kijiji au mtaa kabla ya masika. Ulizeni: tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa itawafikiaje wasio na simu? Njia ipi haimezwi na maji? Nani atawabeba wazee na wagonjwa? Mnaoishi bondeni mnajua maji yanakoanzia kupanda; ujuzi huo lazima uingie kwenye mpango, kisha mfanye mazoezi pamoja.