Kutafuta Kazi kwa Njia ya Intaneti: Tuiamini Tovuti Ipi?



Jumatatu moja mwaka jana walifika ofisini kwetu vijana wanne kabla hatujafungua milango. Wawili walitoka wilaya ya jirani na walikuwa wamelala kwa ndugu zao mjini. Walivaa vizuri, kila mmoja na bahasha ya kaki yenye vyeti. Walisema wamekuja kwenye usaili wa nafasi ya ofisa mradi msaidizi. Dayosisi haikuwa na nafasi hiyo. Tangazo walilotuonyesha kwenye simu lilikuwa na nembo yetu, jina la Idara limeandikwa sawasawa, na chini yake namba ya simu ambayo kila mmoja alikuwa ameitumia shilingi 30,000 za "fomu na mafunzo". Tulipoipiga namba hiyo haikupatikana.

Jioni baba wa binti mmoja alitupigia. "Mwanangu, mimi nimeuza mbuzi. Sasa ofisi yenu inasema haimjui binti yangu?" Hatukuwa na jibu la kumridhisha mzee yule.

Tuliwasaidia kuandikisha taarifa polisi. Baadaye tulipokaa tukajiuliza jambo lililotugusa sisi wenyewe: vijana hawa wangejuaje? Matangazo yetu ya kweli tulikuwa tunayabandika kwenye ubao wa ofisi kuu na kuyatuma sharikani kwa barua. Tovuti ya Dayosisi haikuwa na neno lolote kuhusu ajira. Kijana aliyetaka kuhakiki hakuwa na mahali pa kuhakikishia, na sehemu hiyo ya kosa ni yetu. Ndiyo maana somo la robo hii tumelitoa kwenye jambo hili.

Tuanze na ukweli mmoja ambao vijana wengi husahau: tovuti ya kazi siyo mwajiri. Ni sawa na dalali, au mtu aliyesimama njiani akikuelekeza nyumba. Mwelekezaji mwema hukufikisha mlangoni kwa mwenye nyumba kisha anaondoka. Kwa hiyo unapochagua tovuti usihesabu ina matangazo mangapi. Angalia inakupeleka wapi. Je, tangazo linataja jina kamili la mwajiri? Je, ukienda kwenye tovuti ya mwajiri huyo bila kupitia kiungo ulichopewa, tangazo lile lile lipo, na tarehe ya mwisho ni ile ile? Kama lipo, omba kazi huko huko kwa mwajiri. Kama halipo, piga simu ofisini kwake kwa namba uliyoipata kwingine, siyo iliyo kwenye tangazo.

Tunasisitiza hili kwa sababu tovuti na blogu nyingi zinazosomwa na vijana wetu hazipokei tangazo kutoka kwa mwajiri. Zinanakili. Mwenye blogu hupata fedha kutokana na matangazo ya biashara yanayoonekana pembeni, na kadiri watu wengi wanavyoingia ndivyo anavyopata zaidi. Hana sababu kubwa ya kuondoa tangazo lililokwisha muda wake. Hatusemi watu hawa ni waovu. Wengine wanafanya kazi nzuri ya kukusanya habari zilizotawanyika, na kwa kijana wa kijijini asiyepata gazeti ni msaada. Zitumie kupata habari tu. Usijaze fomu humo, na usiache namba yako ya NIDA wala nakala za vyeti. Tena uwe mwangalifu na vile vitufe vikubwa vya rangi vilivyoandikwa "omba hapa". Mara nyingi ni biashara ya mtu mwingine kabisa.

Kwa kazi za serikali mlango unajulikana. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilianzishwa kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, na maombi yake hupokelewa kwenye mfumo wake ulio kwenye anwani portal.ajira.go.tz. Kuomba ni bure. Baadhi ya vyombo, kama Jeshi la Polisi, hutangaza kwa njia zao wenyewe, lakini navyo hutumia anwani za serikali.

Hapa jifunze kusoma anwani. Anwani ya tovuti husomwa kutoka kulia. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi nyuma. Kinachotangulia mkwaju huo ndicho kinachokuambia mwenye nyumba ni nani. Mtu binafsi hawezi kusajili anwani inayoishia na .go.tz, lakini .com hununuliwa na yeyote mwenye hela. Kwa hiyo anwani yenye maneno "ajira", "go" na "tz" yaliyoungwa kwa vistari halafu ikaishia na .com, siyo ya serikali hata ikiwa na bendera ya Taifa juu yake.

Sasa tuseme juu ya steshenari, maana huko ndiko tumeona hasara nyingi kuliko hata kwa matapeli. Kijana hana simu janja, au anayo lakini hajazoea. Anakwenda steshenari kuskani vyeti. Mwenye duka, kwa nia njema kabisa, anamfungulia akaunti kwa barua pepe ya duka na neno la siri analolijua yeye. Kijana analipa, anashukuru, anakwenda zake. Miezi inapita. Orodha ya walioitwa kwenye usaili inatolewa, jina lake limo, lakini yeye yuko shambani. Na siku anaporudi dukani anakuta yule mhudumu amehama na neno la siri limekwenda naye. Binti mmoja wa umoja wa vijana alikosa usaili wa uuguzi kwa namna hii hii.

Basi, kabla ya kuchagua tovuti yoyote, uwe na barua pepe yako mwenyewe. Jina liwe la heshima; mwajiri akikuta barua pepe yenye jina la utani la kijiweni atacheka kabla hajasoma wasifu wako. Neno la siri liandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Steshenari walipe kazi ya kuskani na kupakia, lakini akaunti iwe yako, na kila juma uifungue hata kwa bando dogo. Vyeti viskaniwe mara moja na nakala uzihifadhi ndani ya barua pepe yako. Kumbuka pia kwamba matangazo ya Sekretarieti husema wazi kuwa hati za matokeo hazipokelewi badala ya vyeti. Kama cheti chako bado kiko shuleni kwa sababu ya deni la ada, anzia hapo.

Kwa wenye elimu ya juu na uzoefu, ziko tovuti za kimataifa. ReliefWeb, inayoendeshwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu tangu mwaka 1996, huonyesha nafasi za mashirika, yakiwemo yanayofanya kazi nchini kwetu. LinkedIn, iliyoanza mwaka 2003, huwafaa wahasibu, wahandisi na watu wa kompyuta. Lakini tuwe wakweli: nafasi nyingi huko hudai Kiingereza kizuri na miaka ya kazi. Kijana wa kidato cha nne anayekesha humo anamaliza bando bure. Kwake yeye ubao wa halmashauri, chuo cha VETA na fundi anayehitaji msaidizi viko karibu zaidi.

Kuhusu fedha hatuna maneno mengi. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 181 wa mwaka 1997 umeweka kama msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi. Anayekuomba hela ya fomu, ya mafunzo au ya vipimo vya afya kabla ya kazi, mwache hapo hapo, hata akikuita mpendwa katika Bwana. Na kwa mabinti wanaotumiwa matangazo ya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba: wakala lazima awe amesajiliwa na wizara inayohusika na kazi, na mkataba uusome ukiwa bado nyumbani, pamoja na mtu anayeielewa lugha yake. Visa ya matembezi siyo ya kazi.

Tangu Januari nafasi zote za Idara zinawekwa kwenye tovuti ya Dayosisi siku ile ile zinapobandikwa ubaoni, na tangazo lililokwisha muda linaondolewa. Msipoliona huko, si letu.

Kwa vikundi vya vijana: mkutanapo, kila mmoja alete tangazo moja la kazi alilotumiwa kwenye simu. Lisomeni pamoja. Mwajiri ni nani? Anwani inaishia na nini? Tangazo hilo lipo kwa mwajiri mwenyewe? Nani katika kikundi hana barua pepe yake, na nani anaweza kumsaidia kuifungua siku hiyo hiyo? Matangazo mtakayoyatilia shaka mpeni katibu wa usharika ayalete ofisini, nasi tutawapigia waajiri waliotajwa.