SOMO LETU: NANI ANAANGALIA WATOTO PALE NYAMA CHOMA?

Leo tunataka tuongee juu ya jambo ambalo vikundi vingi hulipita tu. Tukimaliza kugawana faida ya mwaka, ama Jumapili mchana, wengi wetu huenda na familia nzima kwenye zile hoteli za nyama choma zilizo na bustani. Kuna kivuli, kuna bembea. Wakubwa wanakaa na nyama na chupa zao, watoto wanakimbia. Si vibaya watu kufurahi pamoja. Lakini tujiulize: wakati huo, watoto wako na nani?

Sisi tulifunzwa na yaliyotupata. Desemba moja tulienda mahali kama hapo, watu wazima 19 na watoto 14. Mama mmoja alifikiri mtoto wake wa miaka 3 yuko na shangazi yake. Shangazi naye alifikiri yuko na baba. Baba alikuwa ameona watoto kwa bembea, akajua wote wako huko. Nyama ilipoletwa, mtoto hayuko. Tulimpata nyuma ya jikoni, ameinama juu ya pipa la maji, miguu imeshaacha chini. Alishikwa kwa nguo kabla hajatumbukia. Hakuna kati yetu ambaye hakumpenda yule mtoto. Lakini kwa sababu tulikuwa wengi, kila mtu alidhani mwingine anaangalia.

HATARI ZIKO WAPI?

Maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwa maji ya ndoo, na mara nyingi hapigi kelele. Kwa hivyo msingoje kusikia.

Moto. Makaa na jivu huchoma hata kama moto hauonekani. Mtoto akiungua, mwagilieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpelekeni hospitali. Msipake mafuta, unga wala dawa ya meno.

Magari. Dereva anayerudi nyuma hamwoni mtoto mfupi.

Masalio ya pombe. Mtoto huona glasi, hunywa. Pombe kidogo tu inaweza kushusha sukari katika damu yake hata azimie. Wengine hucheka, "Ona vile amelewa!" Hiyo si kichekesho. Hospitali mara moja.

Watu. Mtoto asitumwe kaunta, wala asiende chooni peke yake. Si kila anayemnunulia soda ana nia nzuri.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile watu huita "sheria ya Mututho", inakataza mwenye leseni kumruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inaponywewa. Kumuuzia pia ni makosa. Basi tusijidanganye ati bustani si baa. Chagueni mahali ambapo familia hukaa mbali na meza za pombe, ama pale ambapo haiuzwi kabisa.

TUFANYEJE?

Pesa za kikundi hatusemi, "Bila shaka kuna mtu anazo." Tuna mweka hazina, tuna kitabu, na tunahesabu mbele ya wote. Watoto nao tuwafanyie hivyo:

1. Mkifika, wawili wazunguke kwanza. Waangalie maji, jiko, lango na choo.
2. Wekeni walinzi wawili kwa zamu ya nusu saa, wanaume kwa wanawake. Aliye zamu hanywi pombe wala hashiki simu.
3. Mkibadilishana, mhesabu kwa sauti. "Nakupa watoto 14." "Nimepokea 14." Anayemchukua mtoto wake amwambie mlinzi.
4. Msimwachie kazi hii msichana wa miaka 10. Yeye pia ni mtoto, amekuja kucheza.
5. Ondokeni kabla ya giza, na dereva awe hajaonja pombe.

Mtu atasema, "Wangu ni wangu, nitamwangalia mwenyewe." Ndiyo, na yule mama wa Desemba alisema hivyo hivyo. Tangu tuanze kuhesabu, hakuna aliyekosa nyama yake, na hakuna mtoto tuliyemtafuta.

Mkiona mtoto anadhulumiwa, pigeni simu 116. Ni bure.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Safari yetu ya mwisho, nani alikuwa akiangalia watoto? Mtajeni kwa jina.
2. Kwa nini wanaume wengi huona kazi hii ni ya akina mama?
3. Nani watashika zamu ya kwanza safari ijayo? Katibu aandike majina kabla hamjafunga mkutano.